Kuizuia homa ya nguruwe ya Afrika getini: mwongozo wa mfugaji mdogo

Kuanzia Busia na Bungoma hadi Njoro, wafugaji wapya wana maswali yale yale. Kuna sindano gani ya homa ya nguruwe? Nimwage dawa gani mlangoni? Kwa jirani wamekufa wote, wangu niwauze haraka?

Sindano haipo. Kenya haina chanjo ya homa ya nguruwe ya Afrika, na tiba yake haipo popote. Antibiotiki haiui virusi, kwa hiyo anayekuuzia chupa ya "kinga" anakuuzia matumaini. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na nguruwe wa hapa hapa Kenya, katika ripoti ya Montgomery ya mwaka 1921, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mfugaji wetu bado ana njia moja tu: virusi visivuke mpaka wa banda. Vikivuka, vinaweza kumaliza karibu kundi lote. Binadamu hapatwi na ugonjwa huu, na ndiyo maana watu hubeba nyama yake bila wasiwasi na kuusambaza bila kujua.

Virusi hivi haviruki na upepo kutoka boma moja hadi jingine. Hubebwa. Vimo kwenye damu, mate, mkojo, kinyesi na nyama ya mnyama mgonjwa, kisha husafiri kwa kiatu, kamba, gunia, gurudumu, sindano, dume la kuazima na mabaki ya hoteli. Wengi wetu hununua dawa ghali ya kuua viini na kuliacha geti wazi. Anza na geti. Dawa ifuate.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa banda la nguruwe kati ya wawili na ishirini, tafuta:

- Gambuti jozi mbili au zaidi, zisizotoka kamwe nje ya eneo la banda. Namba kubwa ni bora, maana mgeni wa mguu mkubwa hataomba kuingia na kiatu chake.
- Ovaroli au koti kuukuu la kila anayehudumia, likae bandani.
- Karai mbili pana, brashi ya nyuzi ngumu na sabuni ya unga.
- Dawa ya kuua viini. Aina na vipimo viko kwenye hatua ya tatu.
- Sepetu, ufagio, ndoo na wilbaro vya bandani pekee. Vipake rangi moja mpini ili kisikopeshwe kitu hata kwa bahati mbaya.
- Kamba yako mwenyewe ya kumshika nguruwe mdomoni.
- Utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani.
- Kufuli, mnyororo na daftari.
- Nambari ya simu ya afisa wa mifugo wa wadi yako, iandikwe ukutani.

Kama nguruwe wako bado wanafungwa kamba chini ya mti au wanaachiliwa baada ya mavuno, kama inavyofanyika sana Busia na Teso, hakuna hatua hapa itakayokusaidia kabla ya kuwafungia ndani. Mabanzi, nguzo na sakafu ngumu vinatosha kwa kuanzia. Nguruwe wa kunenepesha anahitaji takriban mita moja ya mraba hadi afike kilo 90 au 100.

Hatua ya 1: Weka mpaka unaoonekana

Zungusha ua eneo lote la banda, siyo banda lenyewe tu. Wavu wa chuma, mabati makuukuu au mabanzi yaliyosimamishwa karibu karibu, yote sawa, mradi ua ufike kifuani mwa mtu na sehemu ya chini ifukiwe ardhini. Nguruwe wa nje hapiti juu, anachimba. Acha nafasi ya mita mbili au zaidi kati ya ua na ukuta wa banda ili nguruwe wa jirani akija asiguse pua ya wako.

Liwe geti moja. Mageti mawili ni geti moja lililofungwa na jingine linalosahauliwa. Funga kwa kufuli hata mchana, na ufunguo ubaki kwa anayelisha.

Ndani ya geti weka kizuizi cha ubao au tofali kinachofika magotini. Upande wa nje ni wa viatu vya nje, upande wa ndani ni wa gambuti. Mtu anaketi juu yake, anavua huku, anageuza miguu, anavaa kule. Ubao huo wa bei ya chini unafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote utakayonunua, kwa sababu unamlazimisha mtu kusimama na kukumbuka.

Hatua ya 2: Punguza watu, kisha wabadilishe viatu

Amua ni nani wanaingia. Kwa boma la kawaida wanatosha watu wawili. Mfanyakazi wako asifuge nguruwe kwake, wala asile nyama ya nguruwe ya kutoka nje akiwa kazini. Kipande cha nyama mbichi au kilichochomwa nusu kikidondoka na kuliwa na nguruwe kinatosha kuanzisha janga, maana virusi hukaa miezi kadhaa ndani ya nyama iliyogandishwa na muda mrefu hata katika iliyokaushwa au kutiwa chumvi.

Mgeni yeyote, hata kama ni mchungaji au mjumbe wa chama, aulizwe swali moja: siku tatu zilizopita umekanyaga kwenye nguruwe wengine, kichinjio au bucha ya nguruwe? Akisema ndiyo, mketi barazani mpige gumzo huko. Akisema hapana na ana sababu ya kuingia, anawe mikono kwa sabuni, avae koti na gambuti zako, na jina lake liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Siku mambo yakiharibika, daftari hilo ndilo litakalomwonyesha daktari ugonjwa ulitokea upande gani.

Hatua ya 3: Changanya dawa kwa kipimo, siyo kwa macho

Karai ya dawa mlangoni ndiyo inayopendwa sana, na ndiyo inayodanganya sana. Mtu anachovya kiatu chenye kinyesi sekunde mbili na kupita. Dawa haipenyi kinyesi, na inahitaji dakika, siyo sekunde. Weka karai mbili: ya kwanza maji, sabuni na brashi, ya pili dawa. Sugua hadi nyayo ionekane rangi yake, ndipo uchovye. Karai hizo ni msaada wa gambuti za ndani. Haziwezi kuchukua nafasi ya kubadilisha viatu.

Vipimo:

- *Virkon:* gramu 10 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 100 kwa lita 10. Acha dakika 10. Rangi ya waridi ikififia au maji yakichafuka, mwaga uchanganye upya. Kwa karai ya mlangoni hii ndiyo tunayoipendekeza.
- *Jik au klorini nyingine ya nyumbani:* soma lebo kwanza. Kama ni asilimia 3.5, changanya sehemu mbili za Jik na sehemu moja ya maji, upate takriban asilimia 2.3, nguvu inayotakiwa kwa virusi hivi. Acha dakika 30. Tumia kwa vifaa vilivyokwisha kuoshwa: sepetu, ndoo, vihori. Kifuniko kimoja kwenye ndoo ya lita 20 ni cha kung'arisha nguo, siyo cha kazi hii. Jua huiua klorini, kwa hiyo ukiiweka nje ibadilishe kila siku.
- *Kostiki soda:* gramu 8 kwa lita moja, dakika 30, kwa sakafu na kuta za saruji banda likiwa tupu. Vaa glavu za mpira na miwani. Tia soda kwenye maji, kamwe usitie maji juu ya soda, italipuka na kukurukia. Usitumie chombo cha alumini.

Onyo: usichanganye Jik na Virkon, wala na kostiki, wala na dawa ya choo. Mchanganyiko wa Jik na kitu chenye asidi hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Karai zikae chini ya paa. Mvua ya jioni ya Kakamega ikinyesha juu ya karai, asubuhi unachovya miguu kwenye maji ya mvua.

Hatua ya 4: Broka asivuke geti

Hapa ndipo mabanda mengi huangukia. Broka mmoja anaweza kupita maboma kumi kwa siku akitafuta nguruwe wa bucha, na wagonjwa huwapenda zaidi kwa kuwa bei huwa chini. Anaingia na viatu vyake, anamshika nguruwe mgongo, anambonyeza kiuno, anatoa bei ya matusi na kuondoka. Wewe umebaki na nguruwe wako, pamoja na kile alichokanyaga kwenye maboma tisa yaliyotangulia.

Sababu yake ya kuingia ni kukadiria uzito. Iondoe. Pima mwenyewe asubuhi kabla ya kulisha, mnyama akiwa ametulia na kichwa kimenyooka:

1. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Hicho ni kipimo cha kifua.
2. Pima juu ya mgongo kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Hicho ni urefu.
3. Geuza vyote viwe mita. Kifua mara kifua, mara urefu, mara 69.3. Jibu ni kilo za mnyama akiwa hai.

Mfano: kifua sentimita 100, urefu sentimita 110. 1.0 × 1.0 × 1.1 × 69.3 = kilo 76. Mwingine ana kifua 115 na urefu 120: 1.15 × 1.15 × 1.2 × 69.3 = kilo 110. Kikokotoo cha simu kinatosha. Ni makadirio, lakini yanakaribia kuliko jicho la broka, ambalo kila mara huona kilo pungufu.

Piga picha, itume pamoja na kipimo, muelewane bei kwa simu. Siku ya kuuza, mtoe mnyama hadi kizimba kidogo cha kupakilia ukingoni mwa shamba, mita 20 au 30 kutoka bandani na upande wa barabara. Pikapu au boda isimame nje. Mnyama akishapelekwa kizimbani, harudi, hata bei ikivunjika. Kama unaona harudi ni hasara, elewana bei vizuri kabla hujamtoa. Baadaye osha kizimba na ukimwagie dawa, na waliopakia wabadilishe nguo kabla ya kuingia tena.

Dai kibali cha kusafirisha kutoka kwa ofisi ya mifugo kwa kila mnyama anayetoka au kuingia. Na Desemba uwe mkali mara mbili, kwa kuwa nyama inatafutwa kila kona na pikapu zinazunguka usiku.

Hatua ya 5: Dume la kijiji

Dume linalozunguka kijijini kwa malipo ya pesa kidogo au mtoto mmoja wa nguruwe ni la bei nafuu lakini ni hatari kuliko broka, kwa sababu linagusana na mnyama wako mwili kwa mwili, na jana lilikuwa kwa mwingine. Hakuna kuliosha kukatosha. Una njia tatu:

- *Mbegu.* Kupandisha kwa mrija kunapatikana. Nunua kwa mtoaji anayejulikana na ofisi ya mifugo, kwani mbegu ya dume mgonjwa nayo hubeba virusi.
- *Dume lako.* Lina maana ukiwa na majike kama sita au zaidi. Chini ya hapo utalisha dume bure.
- *Dume la kikundi kilichofungwa.* Wafugaji watatu au wanne, wote wenye mageti na sheria hizi hizi, wanamiliki dume moja na hakuna wa nje anayelipata. Mmoja akiwa na mnyama mgonjwa, dume halitoki mahali lilipo.

Jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo kukosa nafasi moja ni kuchelewa wiki tatu tu. Ukisikia vifo vya nguruwe eneo lenu, subiri wiki hizo tatu.

Hatua ya 6: Chakula

Mabaki ya hoteli na shule huokoa gharama, hasa kwa walio karibu na Kisumu na Nakuru mjini, lakini ndani yake mna mifupa na vipande vya nguruwe ambavyo hujui vilichinjiwa wapi. Ushauri wetu ni kuyaacha kabisa. Ukishindwa, yapike hivi:

1. Ondoa plastiki, vijiti na mifupa. Katakata mapande makubwa.
2. Weka kwenye pipa juu ya moto na maji ya kutosha kukoroga.
3. Yakianza kuchemka ndipo uhesabu saa nzima, ukikoroga wakati wote. Katikati ya uji mzito joto huwa dogo kuliko pembeni.
4. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, mbali na mbwa.
5. Ndoo iliyobeba mabichi isiguse yaliyopikwa. Weka ndoo za rangi mbili: nyekundu ni ya mabichi pekee, na inaishia nje ya geti.

Kosa la kawaida liko kwenye nambari hiyo ya tano. Mtu anachemsha vizuri saa nzima, kisha anachota kwa ndoo ile ile aliyoletea mabichi kutoka mjini.

Majani ya viazi vitamu, parachichi zilizoanguka, pumba na omena havina shida hiyo, mradi majani yasikatwe mahali nguruwe wa watu wanazurura. Magunia ya chakula nunua mapya. Gunia la mtumba linaweza kuwa lilibebea nguruwe, na hutaona alama yoyote. Maji yatoke kwenye bomba, kisima au tangi la mvua, siyo mtoni chini ya mahali watu wanachinjia.

Hatua ya 7: Nguruwe mpya akae peke yake siku 30

Nunua kwa mfugaji mmoja unayeweza kumuuliza maswali, siyo sokoni ambako wanyama wa vijiji vingi hukutanishwa. Mtenge kwenye kibanda umbali wa mita 20 au zaidi, sehemu ambayo maji yake machafu hayatiririki kuelekea banda kuu. Siku 30 zinatosha kuuruhusu ugonjwa ujitokeze, maana dalili kwa kawaida huonekana kati ya siku 4 na 19 tangu kuambukizwa.

Awe na ndoo na sepetu yake. Mhudumie mwisho, baada ya wale wa zamani, na usirudi kwao siku hiyo bila kuoga na kubadilisha nguo. Nguruwe aliyerudi kutoka maonyesho au aliyerudishwa na mnunuzi naye ni mpya.

Hatua ya 8: Sindano na kamba

Anayekuja kuchoma sindano ya madini ya chuma kwa watoto wa nguruwe au ivermektini kwa minyoo na upele ametoka boma jingine na ataenda jingine. Mfanye atumie vya kwako. Sindano moja kwa mnyama mmoja. Zile za chuma za kurudia zichemshwe dakika 20 kabla ya kila mnyama. Tazama kwa karibu kitanzi cha kamba anachomfungia nguruwe mdomoni: mara nyingi kimekauka kwa povu na damu ya mnyama wa mwisho, na sasa kinaingizwa kati ya meno ya wako. Ndiyo maana kamba iko kwenye orodha ya mwanzo. Mpe yako kwa heshima, na daktari mzuri hatakasirika.

Hatua ya 9: Mbwa, papasi, ngiri na choo

Mbwa afungwe. Ndiye huchimbua mzoga na kuja na mguu bandani. Panya wapunguziwe chakula kilichomwagika.

Kwa walio karibu na Mbuga ya Ziwa Nakuru au mahali pengine penye ngiri: ngiri hubeba virusi bila kuugua, na papasi wa mashimoni mwake huvihifadhi kwa miaka. Papasi huuma usiku na kurudi kujificha kwenye nyufa. Siriba kuta za udongo, ziba nyufa kwa saruji, na usiachie nguruwe walale nje.

Choo ni cha ugonjwa mwingine, tegu, lakini kwa kuwa unajenga ua, kimalize papo hapo. Nguruwe anayekula kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata malengelenge nyamani, na binadamu akimeza mayai ya minyoo hiyo huweza kupata kifafa. Kila mtu nyumbani na shambani atumie choo chenye mlango unaofunga.

Mambo yakienda kombo

*Nguruwe mmoja amekataa kula.* Mpime joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kawaida ni karibu nyuzi 39. Kama ni zaidi ya 40.5, funga geti, usiuze, usinunue, na mpigie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Kama joto ni la kawaida, angalia kwanza maji na chakula. Omena yenye chumvi nyingi pamoja na kihori kikavu humfanya nguruwe azunguke, agonge ukuta na kudondoka kwa kifafa.

*Masikio na tumbo vimegeuka vyekundu au zambarau, wamelala wamelundikana, wengine wanahara damu, jike limetupa mimba.* Hizo ni dalili za homa ya nguruwe ya Afrika. Mabaka yenye umbo la almasi mgongoni huelekea kuwa erisipela, ugonjwa wa bakteria ambao penisilini huutibu, lakini usiamue kwa macho. Sampuli ya damu kwenye maabara ndiyo inayotofautisha. Usimpasue mnyama kuangalia ndani. Damu yake ikimwagika uwanjani, umepanda virusi kila mahali.

*Amekufa ghafla, majirani wanasema achinjwe kabla nyama haijaharibika.* Hapana. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inakutaka utoe taarifa ya ugonjwa kama huu. Baada ya afisa kuuona mzoga, chimba shimo la mita mbili ndani ya shamba lako, mbali na kisima na mto, tia chokaa, na juu ya mzoga kuwe na udongo wa mita moja au zaidi. Weka mawe au miiba juu kwa ajili ya mbwa. Kutupa mzoga mtoni Nzoia au Yala ni kuupelekea ugonjwa kila anayefuga chini yako.

*Kwa jirani wamekufa, wangu wazima. Niwauze leo?* Ndilo kosa linalosambaza ugonjwa kutoka kata hadi kata, maana baadhi yao wanaweza kuwa wameshaambukizwa bila dalili. Bakisha mhudumu mmoja, asikanyage kwa jirani hata kwa pole, na apime joto la wanyama kila asubuhi kwa wiki tatu. Subiri maelekezo ya ofisi ya mifugo kuhusu karantini.

*Jirani hataki kufungia nguruwe wake.* Imarisha ua, ongeza nafasi kati ya ua na banda, kisha mwone mzee wa mtaa au chifu msaidizi mkiwa wafugaji kadhaa pamoja. Ukienda peke yako itaonekana ni ugomvi wa mpaka.

*Banda limekwisha tupu, nirudishe lini?* Toa samadi yote uifukie, choma matandiko na mbao zilizooza, sugua kwa sabuni, acha ikauke, kisha kostiki au Virkon, na urudie baada ya wiki moja. Liache tupu siku 40 au zaidi tangu usafi wa mwisho, au muda mrefu zaidi ofisi ya mifugo ikisema hivyo. Usijaze mara moja. Kama ulikuwa na ishirini, weka wawili, waachie wapite katika kila chumba na walambe kila kihori, na uwapime joto mara kwa mara. Hao wakiwa wazima baada ya wiki sita, lete wengine.